Mihuri Mitatu kwa Bao Moja

Guangzhou, 4 Mei 2025

Shemeji yangu Abubakary,

Nakusalimu wewe na dada yangu Mwatima, ambaye najua ndiye anayekusomea sasa hivi kwa sababu miwani umeikalia tena. Sisi huku wazima. Binti yangu Swalha kazi imemzidi, ofisi yake ya kago imejaa marobota mpaka mlangoni, na mimi baba yake amenipa cheo. Nakaa kwenye stuli na maka peni, naandika mizigo inakokwenda: TANGA, MOSHI, KARIAKOO. Mtu wa darasa la tano anaandika kutwa nzima na hakuna mwalimu wa kumchapa. Goti limepoa. Wachina wana plasta inayonuka pilipili, ukiibandika maumivu yanakimbia, na wageni pia.

Sasa kaa vizuri. Juzi Swalha alinichukua Pazhou kwenye maonyesho nikambebee makaratasi. Ukumbi mmoja wa pale unaingiza uwanja wa Mkwakwani mzima na malori yakapata pa kugeuzia. Tumefika kwenye viti vya viwanjani, namwona mzungu mzee juu ya kiti cha plastiki cha bluu. Anakaa, anasimama, anakaa tena. Laoban, yaani bosi wa kiwanda, anamtazama kama anayemtazama mgonjwa. Nikaangalia mkono wake wa kushoto. Kidole cha mwisho kimepinda kuelekea kibla. Genadi.

Genadi yule yule, kocha wetu wa Chuda Stars, tuliyeletewa na Warusi pamoja na mipira ishirini na dawa ya kuchua. Nikamwamkia kwa Kirusi changu cha Odesa, kile nilichookota miezi saba meli yetu ilipokuwa matengenezoni. Akanitazama sana. Halafu akasema kwa Kiswahili, "Wewe akiba."

Miaka thelathini na tisa, shemeji, na mtu ananikumbuka kwa benchi.

Amenihadithia maisha yake yote pale kwenye viti. Amedaka miaka kumi na moja kwenye timu ya bandari ya kwao, saba kati ya hiyo akiwa akiba, kwa hiyo asinicheke. Kidole kilipovunjika wakamleta kwetu. Aliporudi wakampa meza. Akawa msaidizi kwenye kamati ya michezo, kisha naibu, kisha mkurugenzi wa uwanja. Nchi yao ilipovunjika vipande, wenzake wote walifukuzwa, yeye akabaki, kwa sababu ni yeye tu aliyejua funguo za uwanja ziko wapi. Akiwa kipa alisimama siku zote na hakupanda. Alipokaa kitako ndipo alipopanda. Sasa ana miaka sabini na sita, wanamwita mshauri, wanamtuma China kuchagua viti.

Alikuulizia wewe kabla hajaniuliza goti langu. Nikamwambia yuko hai, alioa, ana wajukuu. Akauliza na neno lingine, lakini ukumbi una makelele, sikulipata vizuri.

Barua hii anakuletea Joyness, mfanyabiashara wa hapo hapo Tanga, anaruka kesho. Naishia hapa, maka peni inakauka.

Shemejio, Msabaha


Tanga, 28 Mei 2025

Shemeji Msabaha,

Waalaykum salaam. Joyness amefika na barua. Miwani ninayo usoni, na niliyesoma ni mimi. Mwatima alikuwa anacheka tu. Hapa tu wazima, mvua imezidi, ukuta wa choo umeanguka upande wa jirani na jirani anasema ni wetu.

Habari ya Genadi nimeisoma mara tatu. Imekuja wakati wake.

Chuda Stars inatimiza miaka hamsini tarehe 13 Desemba. Mwenyekiti sasa ni Ahmada, kijana mwenye adabu, hakuwa amezaliwa tulipokuwa tunacheza. Ametengeneza ubao wa heshima, mbao ya mninga, fundi wa maandishi wa Barabara ya Kumi anaupaka. Utakuwa na majina ya makipa wote wa klabu. Nilikwenda kuuangalia. Makipa wote wapo, shemeji. Hata wewe upo.

Mimi simo.

Nilimuuliza Ahmada. Akanifungulia faili la mwaka themanini na sita, kikao cha baada ya fainali. Maneno nimeyanakili, mimi ni karani wa reli, hata nikiwa na hasira nanakili sawasawa: "Kocha, kwa kinywa cha mkalimani, alisema hajui kwa nini kipa aliacha lango wazi, na kwamba aulizwe mwenyewe na waliomtuma. Kamati iliamua kipa afungiwe." Ahmada akasema, "Babu, mimi nakuamini, lakini karatasi ndiyo inasema hivi." Nami nilikuwa karani miaka thelathini, najua sheria yake. Karatasi huondolewa kwa karatasi.

Wewe uko mbali, labda umesahau. Mimi mpaka leo nikikaa barazani kwa kahawa, lazima mmoja aniulize fainali ile niliiuza bei gani. Wengine wanauliza kwa mzaha. Baba zao hawakuuliza kwa mzaha.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Nenda kwa Genadi, akuandikie alichosema siku ile mbele ya kamati. Mistari miwili inatosha. Huna haja ya kutafuta mtu wa kukusaidia lugha, kwa bahati nzuri mkalimani ulikuwa wewe.

Abubakary


Guangzhou, 25 Juni 2025

Shemeji mpenzi,

Poleni na ukuta. Mwambie jirani akiutaka aubebe. Huku joto limefika, mtu unatoka jasho ukiwa umekaa, Swalha amenunua feni ya mezani na inanipulizia makaratasi yote. Jana nimekosea robota la Mwanza nikaandika Mombasa. Mwenyewe amepiga simu mpaka Swalha akaziba masikio.

Habari ya ubao imeniuma, ingawa nimefurahi kwamba mimi nipo. Ahmada huyo ana jicho.

Sasa kuhusu Genadi. Maonyesho yalifungwa tangu mwezi wa tano, mzee amesharudi kwao. Namba yake alinipa, nikaiandika juu ya robota, robota likasafiri. Nimekwenda kwenye kiwanda cha viti kumuulizia. Laoban alinijibu meyo, ndiyo hakuna ya huku, na hawa wakisema meyo usipoteze nauli ya kurudi. Labda atakuja maonyesho ya mwezi wa kumi. Labda. Ana miaka sabini na sita, na safari ndefu.

Halafu nikuulize kama shemejio na mtani wako. Mambo ya mwaka ule yana faida gani leo? Umepata mke, nyumba, pensheni ya reli. Mbao ya mninga nayo inaliwa na mchwa. Ingekuwa mimi ningewaambia wapake jina langu na rangi ya choki.

Nimekutilia suruali mbili za kadeti, kiuno nimekisia. Ukiona hazikutoshi, umenenepa wewe.

Msabaha


Tanga, 12 Agosti 2025

Shemeji,

Suruali zimetosha. Barua yako pia imefika, ilikuwa mfukoni mwa moja ya hizo suruali, ndani ya robota, ndani ya kontena, siku arobaini na nane tangu uiandike. Mwatima anasema Joyness aliruka kutoka huko tarehe 28 Juni na mkoba mtupu. Nilimwambia labda humkuona.

Dada yako hajambo, presha imeteremka. Jirani ameubeba ukuta kweli.

Umeniuliza faida ya mambo ya mwaka ule. Nami nitakukumbusha mawili, maana uzee unasahaulisha.

La kwanza. Dakika ya themanini na nane, hatujafungwana. Mshambuliaji wao anakuja na mpira peke yake. Genadi alitufundisha miaka miwili tusitoke na tusianguke mapema. Simama, alikuwa anasema, mwache mpigaji aonyeshe kwanza anachotaka, anayeanza kuhangaika ndiye anayefungwa. Nilikuwa nimesimama. Ni yeye aliyepiga kelele kutoka pembeni, mikono miwili mbele, toka, toka. Nikatoka. Mpira ukanipita juu ya kichwa, polepole, nikageuka nikauangalia unavyoingia. Wewe ulikuwa benchi, hatua tatu kutoka kwa Genadi. Ulimsikia.

La pili. Kwenye kikao Genadi alisimama akasema maneno mengi kwa kwao. Wewe ukasema machache kwa kwetu. Kwa miaka yote hii sijapata kukuuliza, na leo pia sikuulizi. Nakuuliza tu kama namba yake imepatikana.

Sherehe ni tarehe 13 Desemba. Fundi ameacha nafasi ya mstari mmoja, anasema hawezi kuiacha milele.

Abubakary


Tanga, 6 Oktoba 2025

Shemeji, hatujambo. Mwezi wa kumi umeingia. Mstari bado uko wazi.

Abubakary


Guangzhou, 5 Novemba 2025

Shemeji Abubakary,

Natumai mzima, na dada, na presha yake. Swalha anakusalimu. Barua hii naituma kwa Joyness, nimemshika mkono mwenyewe nikamwekea kwenye pochi, kwa hiyo usihesabu siku.

Genadi amekuja. Ametumwa tena kwa viti vile vile, maana mtu wa ofisi hanunui mara ya kwanza. Nimemkuta pale pale juu ya kiti cha bluu. Namba yake nilikuwa nayo muda wote, nilishakudanganya kuhusu robota, tuendelee.

Nikamwambia, Abubakary anaomba barua, useme ulichosema mbele ya kamati.

Akacheka. "Niliwaambia watu tisa. Hawakusikia?"

"Waliandika kingine."

"Nani aliandika?"

"Katibu."

"Katibu alijua Kirusi?"

"Hakujua."

"Alisikia kwa nani?"

Hapo nikaangalia viatu vyangu. Ukumbi una makelele ya dunia nzima na mimi sikusikia hata moja. Genadi akanitazama kama alivyokuwa akinitazama mazoezini baada ya mpira kunipita katikati ya miguu. Hakunitukana, na Kiswahili alichokibakiza ni cha uwanjani tu: toka, rudi, lala, mjinga. Angeweza kulitumia la mwisho. Akasema, "Wewe akiba," akaomba karatasi.

Nilidhani atachora mistari miwili tumalize. Thubutu. Barua isiyo na namba, anasema, ni porojo. Akaipa namba. Akaipa tarehe, na sababu ya kuandikwa, na orodha ya wanaopelekewa nakala. Kipa aliyekuwa akirukia mpira kwenye matope sasa anapima nafasi ya juu ya karatasi kwa kidole kilichopinda. Muhuri anatembea nao kwenye kimfuko cha ngozi shingoni, kama hirizi. Akaugonga. Laoban alipoona mihuri inagongwa akajua viti vimeuzwa, akakimbilia wake mwekundu, akagonga pembeni kabla hatujamzuia. Nyumbani Swalha naye akagonga wa kago, eti usionekane upungufu. Barua yako ina mihuri mitatu. Ahmada akiikataa hiyo aseme anataka nini.

Lakini kabla ya mihuri, Genadi alinipa kalamu. "Tafsiri. Halafu soma kwa sauti."

Nimeitafsiri. Imo humu ndani, lakini nakuandikia hapa pia:

"Mimi Genadi, kocha wa Chuda Stars mwaka 1986, ndiye niliyemwamuru kipa Abubakary atoke golini. Alinitii. Kosa ni langu. Nilisema hivyo siku ile mbele ya kamati, na leo nasema hivyo hivyo."

Nikasoma. Akasikiliza kila neno kama anayelipima uzito. Nikamaliza, nikataka kurudisha kalamu. Hakuipokea. Amesimama tu, mikono mgongoni, ananingoja. Nikaongeza mstari mmoja chini, hakuniambia niuongeze:

"Mkalimani wa siku ile alisema kingine kwa makusudi. Mkalimani ni mimi, Msabaha."

Sasa unajua. Nikueleze na sababu, ingawa haina maana. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, misimu sita benchi nyuma ya kijana wa miaka ishirini na saba asiyeugua hata mafua. Nilikuwa nimenunua glovu mpya. Zilikuwa kwenye nailoni, hazijagusa mpira. Genadi alipokuwa anasema, mimi nilikuwa naziwaza glovu. Nikafungua mdomo, yakatoka yale. Nikadhani watakufungia mechi mbili tatu. Msimu uliofuata wakanipanga, na unajua vizuri kuliko mimi: mechi nne, mabao kumi na manne. Glovu niligawa.

Naomba jambo moja, Mwatima usimsomee. Mimi ndiye niliyemlea baada ya baba kufariki. Anajua mimi ni mwongo, lakini ni mwongo wa suruali na marobota.

Msabaha


Tanga, 14 Desemba 2025

Shemeji Msabaha,

Salamu zako zimefika, na barua, na mihuri yote mitatu. Hapa jua ni kali na maembe yameiva. Afya njema kwangu. Ya dada yako nitakueleza chini.

Sherehe ilikuwa jana. Ahmada aliipokea ile barua kwa mikono miwili. Muhuri wa kiwanda cha viti ndio uliompendeza zaidi, kwa kuwa mwekundu. Uliniomba nisimsomee Mwatima. Sikumsomea. Alisoma Ahmada, kwa kipaza sauti, na mstari wako wa chini.

Halafu mzee Dullah, anayeniuliza bei ya fainali kila Ijumaa, akaja akanishika mkono, akasema, "Sasa tutakuwa tunazungumza nini?" Nilimwambia atafute lingine.

Jina langu limepakwa. Kamati ilitaka kulifuta lako. Nikawaambia waliache, mechi nne ni mechi nne, na mabao kumi na manne yanahitaji mtu wa kuyabeba. Uko chini yangu, herufi ndogo kidogo. Ndipo anapoandikwa akiba.

Sasa nami nikuambie langu. Nilijua.

Kirusi sikujua. Lakini Genadi alipokuwa anasema mbele ya kamati alijigonga kifua kwa ngumi, mara tatu. Watu tisa walikuwa wanatazama mdomo wako, mimi peke yangu nilikuwa natazama mkono wake, kwa sababu kipa huzoea kutazama pale mpira utakapotokea. Mtu anayemlaumu mwenzake hajigongi kifua chake mwenyewe. Nilifungua mdomo niseme. Halafu nikakumbuka posa yangu ilikuwa kwa mama yenu tangu Jumatatu, haijajibiwa, na baba yenu amefariki, na walii wa Mwatima ni wewe. Nikaufunga.

Wiki mbili baadaye ulinishika mkono ukaniozesha, na macho yako ulikuwa umeyakazia mkeka. Watu walidhani ni uchungu wa kaka.

Kuanzia hapo nilifanya nilivyofundishwa. Nilisimama kwenye mstari nikakungoja uonyeshe kwanza. Sikudhani ingechukua miaka thelathini na tisa, lakini wewe siku zote ulikuwa mzito wa kuamua.

Kwa hiyo sina kesi na wewe. Kesi iliyopo ni nyingine. Jana tulipotoka uwanjani Mwatima alitembea mbele. Tulipofika mlangoni akaniuliza kama nilijua. Nikamweleza yote, ngumi, posa, walii, kama nilivyokueleza wewe. Nilidhani ataona nilivyompenda. Alisonga ugali, akaweka mezani, akaketi, akasema, "Kwa hiyo wewe na kaka mlinipitisha chini ya meza kwa bao moja, na mwenyewe nilikuwa jikoni nakaanga vitumbua."

Nikasema si hivyo.

Akasema, "Basi vipi?"

Sijui vipi. Nimekaa tangu asubuhi na kalamu na sijui. Wewe ni kaka yake, una ulimi, na umeshika kalamu mwaka mzima. Tafuta maneno ya kumjibu, safari hii yawe ya kweli, uandike sisi wawili tumwombe radhi pamoja. Mimi nitaweka sahihi. Muhuri usiweke, anasema akiuona muhuri mwingine atauchoma.

Na barua usiipitishe bandarini Nansha kwenye kontena. Itume kwa ndege, shemeji. Nalala sebuleni.

Abubakary